Inapepesa Mara Saba

Taa nyekundu inapepesa mara saba, inanyamaza.
Nimehesabu nimepiga magoti kwenye zulia,
sare ya kazi bado mwilini, saa mbili asubuhi,
nje Foleshill imelowa kama tambara la kudekia.
Saba. Kimya. Saba tena.
Kama mwenye kigugumizi anayelijua jibu.

Nilianza na mambo madogo, yale yanayowaumbua werevu:
soketi ya ukutani. Nikaichomeka birika, birika likachemka.
Nikafungua plagi, nikatoa fyuzi, nikatia ya pasi.
Saba.
Nikachomoa kila waya, nikabonyeza kitufe sekunde thelathini
huku nikiisomea Bismillahi bila aibu.
Saba.

Gurdev wa mlango wa pili akachungulia:
"Tupa. Madukani ziko nyembamba kama bahasha.
Hiyo plazma ni jeneza la kioo,
inakula umeme kama mgeni asiyejua kuaga."

Kweli. Lakini nilimnunulia mama, mkononi, pauni sitini,
wiki aliyokuja kukaa nami.
Kiingereza hakukijua, ila bei alizisoma.
Sauti ameizima, blanketi mpaka kidevuni,
anatazama ule mnada wa vito usiolala:
mkono wa mwanamke unazungusha pete,
na kushoto kisanduku cha bei, inashuka, inashuka,
na mama anawakemea wanunuzi wa Uingereza nzima:
"Msinunue! Subirini! Itashuka tena!"
Miaka miwili. Alisinzia nacho, akaamka nacho,
mpaka kisanduku kikakiunguza kioo,
kikabaki hata nilipotazama taarifa ya habari,
mraba wa kivuli juu ya bega la msomaji.
Nililalamika. Nilisema, mama, umeniharibia.

Machi akasema baridi imemfikia kwenye meno,
akarudi Pangani.

Nilimpigia.
"Imenuna," akasema. "Uliisema vibaya, nayo inasikia.
Ipige kofi mgongoni, si kubwa,
kama mtoto aliyepaliwa."
Nikaipiga.
Saba.

Jumapili nikailaza kifudifudi kitandani kwake,
skrubu ishirini na mbili ndani ya bakuli la uji.
Nikangoja saa nzima kabla ya kugusa kitu,
maana umeme huu hata ukichomolewa haufi,
unajificha humo ndani ukimvizia mwenye haraka.
Kisha nikaziona: kapasita nane zimepanga foleni,
sita vichwa bapa,
mbili zimefura kama maandazi,
moja imetoa chozi la kahawia, likakaukia shavuni.

Pauni moja na peni arobaini, pamoja na posta.
Chuma cha kulehemu nikaazima kwa Gurdev,
yuleyule aliyesema tupa,
akabaki kunishikia tochi.
Nikaunguza kidole. Nikaunguza kingine.
Ya pili nilitaka kuichomeka kinyume, hasi kwenye chanya;
akanigusa bega, hakusema neno.

Skrubu mbili zilibaki. Sijui za wapi mpaka leo.

Tukaisimamisha, yeye huku, mimi kule,
mzito kama maiti wa tajiri, mzigo ule.
Taa nyekundu ikapepesa.
Moja.
Nikangoja ya pili.
Haikuja.
Kitu ndani kikagonga, tak,
kikafikiri,
kikagonga tena.
Giza la kioo likageuka kijivu,
na kushoto, kabla ya picha, kabla ya sauti,
mraba ule,
mtupu, hauna bei.

Gurdev akasema, "Ona, ina doa."
Nikasema najua.

Nikaigeuza simu mama aone.
Akausogeza uso mpaka nikaona pua tupu,
akakaza macho, akakaa kimya kitambo.
"Ile pete ya kijani," akauliza,
"mwishowe walimuuzia nani?"