Mistari ya Mkaa

Saa ya mkononi aliyonitumia Shigela
haijui Mabatini.
Napanda ngazi za mawe, tisini na nne,
ndoo kichwani, moyo ukigonga mbavu
kama mpangaji aliyefungiwa nje;
nafika, naitazama: hakuna zoezi.
Dakika tatu, kwake, si kitu.

Daktari wa Bugando alisema
hata vidogo vidogo, andika.
Basi naandika kwa mkaa mlangoni,
mstari kila nipandapo,
kando ya mistari ya maziwa ya Nyanzobe.

Jana mvua ya ziwani ikaichanganya.
Nyanzobe akahesabu yote: ishirini na sita.
Nikabisha, nikihema.
“Hema tu, mwenzangu. Deni ni deni.”

Nikashuka kutafuta chenji.
Nikapanda tena.

Sikuandika.