Safumlalo ya Kumi na Tisa

Zamani lilikuwa daftari la mistari,
ndani yake majina, juu ya majina mikato,
na simu yangu ikilia jikoni usiku wa manane:
mwalimu, nimefika somo la ngapi?
Nami nisijue. Nikipekua kurasa
kwa kidole chenye harufu ya vitunguu.

Basi Januari moja, hapa Dundee, mtaa wa Hilltown,
ghorofa ya nne, mita ya umeme ikinihesabia peni,
nikajenga jedwali.
Sikuandika msimbo. Sijui msimbo.
Nilibonyeza, nikaburuta, nikaachia,
kama mtu anayepanga vyombo baada ya kuhama:
huku vikombe, huku sahani,
na hili sufuria lisilo na mfuniko litakaa wapi?

Safuwima zikasimama: Jina. Mji. Somo. Asilimia.
Mara ya mwisho kuonekana. Hali.
Safumlalo zikalala chini yake, moja moja,
thelathini na mbili, wote wanaosoma
kozi ya kuhudumia wazee, kwa Kiswahili,
ili Kiingereza cha mtihani kiwakute wameshaelewa.
Furaha Bahizire, Middlesbrough, asilimia themanini.
Desire Havyarimana, Hull, mia, kijani kibichi.
Achola wa Croydon, ambaye hufungua masomo
ndani ya basi la saa kumi na moja alfajiri
na kuyafunga kituoni kwake, katikati ya sentensi.

Kwenye Hali niliweka machaguo matatu tu:
Anaendelea. Amemaliza. Amekwama.
Niliona yanamtosha binadamu.
Nikafungia na kanuni: siku kumi na nne bila kuonekana,
mstari uwe mwekundu, barua iende yenyewe.
Mpendwa fulani, tumekukosa darasani.
Jina linajijaza. Mimi nimelala.

Safumlalo ya kumi na tisa: Sikudhani Mbwana, Perth.
Somo la sita kalimaliza. La saba hajaligusa. Sifuri.
Siku ya kumi na tano jedwali likamwandikia,
na saa tisa usiku akajibu, kwa sauti, chini chini,
nyuma yake mashine ya oksijeni ikivuta na kushusha:

"Mwalimu, sijakwama. Niko na Bi Elspeth.
Ana miaka tisini na mmoja. Mwanawe yuko Kanada,
anatafuta tiketi. Wiki ya pili hii simwachi usiku.
Ameniomba nisizime taa ya ukumbini."

Somo la saba, niliandika mwenyewe, linaitwa
Saa za Mwisho za Mgonjwa.

Nilikaa. Chai ikafanya utando.
Nikabonyeza ule mshale mdogo wa Hali,
nikasoma juu hadi chini, chini hadi juu,
Anaendelea, Amemaliza, Amekwama,
kama mtu anayetafuta ufunguo katika mfuko
alioukwisha kuukung'uta.
Nikaongeza safuwima, nikaiita Maelezo,
nikabandika humo maneno yake, nisiipe kanuni yoyote.
Wekundu nikauacha. Sikujua rangi ya kuweka.

Jumapili naamka, nukta ya kijani pembeni ya jina lake.
Somo la saba: limefunguliwa saa kumi na mbili asubuhi,
maswali kumi, dakika nne.
Tisa sahihi.
Hakuacha ujumbe, wala mimi sikuuliza.

La sita amekosa.
Mgonjwa akikataa maji, utaanza na nini?
Jibu langu, nililolitoa kitabuni: mpigie muuguzi.
Yeye amechagua: mloweshe midomo.

Jedwali linangoja nithibitishe alama.
Nje lori la chumvi linapanda kilima, polepole,
likimwaga barabarani kile kitakachoyeyusha barafu.
Kidole kiko juu ya kipanya. Nasoma tena swali,
swali langu mwenyewe,
hilo neno "utaanza".