Kumpaka ni Kumnywesha

Pipa langu liko nyuma ya nyumba, Kabale,
pale ukungu unapochelewa kuamka.
Nalishindilia majani ya mkaratusi, naziba mdomo kwa udongo,
nangoja bomba la shaba lianze kudondosha:
tone, kimya, tone.
Gunia zima kwa kichupa kisichojaza kiganja.
Watu hunijia na vifua vyao mpaka kutoka Katuna,
nami huwaambia, mawili tu kwenye maji ya moto,
vuta mvuke, usimeze.
Huwaambia wote.

Bogoya sikumwambia.
Alikuwa wa manjano kama ndizi aliyopewa jina lake,
na kila jioni alinusa mikono yangu, akapiga chafya,
akahamia upande wa pili wa banda.
Nilimcheka. Mbwa gani huyu mwenye madaha?
Chafya ilikuwa neno. Mimi sikujua kusoma.

Viroboto walipozidi, akajikuna mpaka manyoya yakabaki vishada.
Dawa ya dukani, shilingi elfu kumi na tano.
Yangu ya bure, ya mkono wangu, ya asili.
Ya asili!
Kana kwamba sumu ya nyoka hushonwa kiwandani.
Nikammiminia mgongoni, nikasugua kwa upendo.
Upendo nautaja kwa sababu ulikuwepo.

Akageuza shingo, akajilamba,
akajilamba tena, kwa bidii ya mtu anayefuta deni.

Saa mbili usiku miguu ya nyuma ilimsahau.
Akapepesuka kama aliyetoka kilabu cha muramba,
udenda ukimchora mstari kifuani,
kisha akalala, ngozi ikitetemeka peke yake,
macho wazi, hayanioni.

Daktari Twesigomwe alikuwa Rubanda, kwa ng'ombe aliyekwama kuzaa.
Simu ikakatika mara mbili.
"Umempaka au umemnywesha?"
"Nimempaka tu."
"Mbwa hana taulo, Kobusingye. Ana ulimi.
Kumpaka ni kumnywesha.
Usimtapishe. Maziwa usimpe.
Sabuni ya vyombo, maji vuguvugu, rudia mpaka nifike."

Nilimwogesha mara nne kwa mwanga wa simu.
Kila povu lilinuka kama mimi.

Daktari alifika saa saba, matope mpaka magotini,
akatundika chupa ya maji ya mshipa kwenye msumari wa sufuria
na kusema ini la mbwa ni ofisi ndogo,
haina karani wa kushughulikia mzigo kama huu.
Hakuniahidi kitu. Aliomba chai.

Siku ya tatu Bogoya alikunywa maji, akalala, akanywa tena.
Mguu mmoja bado unachelewa, kama mgeni asiyejua njia.

Pipa linaendelea; ada ya shule haijui habari za mbwa.
Ila akija mtu na kusema, "Nipe na cha mbwa wangu,"
nakifunika kichupa, namwelekeza dukani.
Jioni nasugua mikono kwa sabuni na jivu,
nachuchumaa mbali kidogo na banda,
nabisha hodi kwa viganja vitupu.
Siku nyingine anakuja.
Siku nyingine anapiga chafya,
nami narudi kwenye beseni.