Mashine ya Kukosea

Ijumaa ile, saa nne na dakika saba usiku,
nilibonyeza kitufe kimoja
na simu elfu moja mia nane arobaini na sita
zikalia mlimani kwa pamoja,
Kibosho, Uru, Mbokomu, Old Moshi:
JARIBIO. Umelipwa shilingi 99,999. Asante kwa kahawa.

Nilikuwa najaribu tu.
Najaribu palepale panapolipa,
maana seva ilikuwa moja,
na penye seva moja hakuna "tu".

Jumatatu, mlinzi hajafungua geti la chama,
Bi Aikaruwa Kiwelu ameshafika kutoka Uru:
viatu vya kanisani,
simu ndani ya mfuko wa sukari,
mkoba mkubwa, mtupu.
Hakufoka. Angefoka ningepona.
Alinisomea ujumbe neno kwa neno, kidole kwenye kioo,
kisha akauliza:
"Jaribio ndiye nani?"

Niliomba funguo za stoo.
Nyuma ya magunia ya katani na mizani iliyokufa
ilikuwepo kompyuta ya mhasibu aliyestaafu.
Nikaifungua: mende mmoja,
vumbi la viangazi sita,
feni iliyogoma.
Nikaipiga brashi ya rangi, ikakohoa, ikazunguka.
Kumbukumbu ya kuongezea niliifuata Double Road
kwa Ndesario, fundi anayenusa kifaa kabla ya kukitajia bei.
"Ya kazi gani hii?"
"Ya kukosea."
Akapunguza elfu tano.

Usiku nikanakili yote,
jedwali la kilo, la bei, la mikopo ya mbolea.
Majina sikuyahamisha.
Nani anataka deni lake lizurure stoo?
Nikawabatiza wakulima upya:
Ndizi Mbivu wa Kijiji cha Hakuna,
Mvua Yaja, Jirani wa Pili, Kikombe Kisahani,
kila mmoja na simu yenye sifuri kumi.
Njia ya ujumbe nikaikata.
Ukituma, maneno yanaangukia kwenye faili
na kulala humo kama barua isiyo na stempu.
Nywila nyingine. Kebo yenye utepe.
Na skrini nzima nikaipaka nyekundu,
juu yake herufi za kumtisha hata mlevi:
HII SIYO KWELI.

Mama yangu hajawahi kugusa seva,
lakini miche ya kahawa huiweka kwanza kwenye viriba,
chini ya kivuli cha majani ya migomba.
Ukinyauka, anang'oa, anatupa, anapiga mluzi.
Kihambani hapigi mluzi.
Na mimi, na miaka yangu minne ya chuo,
nilikuwa napanda kila mbegu kihambani.

Nikamlipa Ndizi Mbivu bilioni tatu.
Nikamfuta.
Nikamlipa tena, hasi.
Nikazima mashine katikati ya malipo;
mara mbili TANESCO walinisaidia bila kuombwa.
Nikavunja mpaka nikacheka peke yangu,
na katika vipande vile nikaliona kosa la Ijumaa:
mstari wa mia mbili na kumi na mbili,
"siyo" moja iliyosahaulika.
Nikachungulia dirishani.
Taa chache juu kule Uru.
Hakuna aliyeamka.

Malipo ya pili yalitoka Desemba.
Safari hii mkono ulishika mkono
kabla ya kubonyeza.
Haikupita dakika, simu ya ofisi ikaita.
"Mwanangu, huyu ni Jaribio tena?"
Nikatazama skrini kona hadi kona,
nikitafuta wekundu.
Nyeupe.
"Hapana, mama. Ni chama."
Kimya. Mbuzi akalia upande wa pili.
Kisha nikamsikia, mbali na simu,
akimwambia mtu:
"Lete ule mkoba."