Saa Moja Kamili

Jumatatu, maabara ya kompyuta, Kayole.
Mashine ishirini na tatu, mbili hazina kipanya.
Kidato cha Pili wameketi wawili wawili,
wanaandika majina, wanaandika nywila,
na skrini inawapa wote jibu moja:
Kuingia kumeshindikana. Jaribu tena.

Nasimiyu akajaribu tena.
Mara ya tano nikamwambia, mbele ya wenzake,
"Umesahau nywila. Wikendi imekufuta kichwa."
Akaitazama kibodi
kana kwamba herufi ndizo zilizomsaliti.

Mtaka cha mvunguni, basi nikainama.
Chini ya meza: vumbi la machimbo ya Njiru, maganda ya njugu,
kebo ya buluu iliyofungwa kwa uzi wa sweta.
Nikaichomoa, nikaichomeka.
Taa ya swichi ikanikonyeza kijani,
haina habari na shida yangu.

Nikaingia kwa ufunguo wa ndani,
ule ambao mashine haimuulizi mtu.
Nikaiuliza seva: Nasimiyu unamfahamu?
Ikajibu upesi: namba yake, kundi lake,
njia ya kufikia folda
ambamo insha yake kuhusu maji ilikuwa imelala.
Inamjua. Inamjua na bado inamfungia,
kama karani wa karo anayekuita kwa jina la babako
huku akikuonyesha geti.

Nikasoma kumbukumbu za mfumo,
herufi nyeupe juu ya weusi, mstari kwa mstari,
hadi palipoandikwa: saa zimeachana mno.

Saa?
Ukutani, saa mbili u nusu asubuhi.
Kwenye mashine 08:30, yaani hiyo hiyo.
Kwenye seva 02:30,
watu wamelala, mbwa wa jirani wanabweka.

Ndipo nikaikumbuka Jumamosi.
Umeme ulipotea usiku kucha,
na betri ndogo ya bodi, duara kama sarafu, ilishakufa;
seva ikaamka ikidhani ni mwaka
ambao Nasimiyu hajazaliwa.
Intaneti ya kuirekebisha ilikatwa, bili iko kwa mhasibu.
Lakini redio ya Wambua, mlinzi, ilikuwa dirishani:
"Ni saa moja kamili, asubuhi."
Na vidole vyangu, vitiifu,
vikaandika 01:00.

Tiketi yake ilikuwa halali.
Ilibisha tu hodi asubuhi
kwenye mlango uliokuwa bado usiku.

Amri moja, mstari mmoja, saa sita zikarudi.
Nikawaambia kosa ni langu.
Nikamwomba radhi, mbele ya wenzake vilevile.
"Jaribu tena," nikasema, sauti chini.

Nukta nane. Kimya.
Folda ikafunguka, na kishale kikawa kinapepesa
mwishoni mwa sentensi aliyoiacha Ijumaa:
Foleni ya maji mtaani kwetu huanza saa

"Mwalimu," akauliza bila kugeuka,
"hapa niandike saa yetu
au yake?"