Hivi, Kisha Hivi

Mama alikuwa zamu ya usiku,
Kiwanda cha Maziwa Namba Mbili, Kotlas,
kwenye mashine iliyomeza karatasi kama utepe,
ikaikunja kuwa bomba, ikamimina maziwa,
ikalibana bomba hivi, mbano umelala,
kisha, chini kidogo, hivi, mbano umesimama.
Katikati ya mibano miwili isiyoelewana
ikadondoka piramidi ya pembetatu,
na hakuna karatasi iliyopotea.

Alirudi alfajiri na theluji mabegani
na kitendawili mfukoni.
Nyumba yangu ina kuta tatu na sakafu, dari haina.
Igeuze. Ukuta umekuwa sakafu,
sakafu imesimama ukutani,
na dari bado haina.
Hema, alijibu Rodion, mwenye miaka sita.
Mama akaiweka mezani, ndani ya bakuli,
maana ilivuja pembeni, zote zilivuja,
Kotlas nzima ilibeba maziwa yake kwenye bakuli.

Nyuso nne. Kingo sita. Vipeo vinne.
Hakuna umbo la nyuso bapa linaloishi kwa vichache zaidi;
punguza uso mmoja, halishiki hata tone.
Mchemraba una majirani na una wageni:
kipeo cha huku hakikifikii cha kule
mpaka kiombe njia kwa wenzake.
Hili halina kule.
Kila kipeo kimemshika mkono kila mwenzake,
ndiyo maana ukilijenga kwa vijiti sita
na ulisukume, halilali upande.
Mchemraba wa vijiti hulala.
Nimejaribu.

Nasi tulikuwa wanne.
Baba na Mama. Baba na Rodion. Baba nami.
Mama na Rodion. Mama nami.
Mimi na Rodion, tuliogombania kitanda cha karibu na jiko.
Sita.

Aprili, barafu ya Dvina ilifunguka
chini ya buti za Baba.
Walileta kofia yake, imekauka, imekuwa ngumu.

Hesabu hii niliijua baadaye, nilipokuwa mwalimu:
kipeo kimoja kikiondoka,
kingo tatu huondoka nacho.
Inayobaki ni pembetatu. Ina eneo, ujazo haina.
Ujazo ni theluthi ya kitako mara kimo,
na kimo kikiwa sifuri,
kitako kiwe kipana kama uwanja wa stesheni,
jibu ni sifuri.
Mwaka ule ungeweza kutupitisha chini ya mlango.
Tulikula. Tulilala. Mama alikwenda zamu.
Vitendawili hakutega.

Wanafunzi wangu huzikata kwa karatasi ngumu,
pembetatu za pande sawa, huzigandisha,
kisha huzipanga tano kuuzunguka ukingo mmoja
wakitumaini zitakutana.
Hubaki ufa. Digrii saba na ushei.
Fadeyi, anayekaa nyuma, hakukubali,
alizibana kwa viganja mpaka moja ikachanika,
akanitazama kana kwamba nimemuibia.
Nilimwambia si kosa la gundi.
Nilitaka kuongeza neno, kengele ikalia.

Mama sasa ana miaka themanini na mmoja.
Rodion hupiga simu kutoka Omsk, naye humuuliza
wewe ni nani, na maziwa yamefika?
Mimi huniita Glafira, msimamizi wake wa zamu,
na huniomba radhi kwa kuchelewa.
Jana nilikuwa namlisha mtindi.
Vidole vyake viliupata mkono wa sweta langu,
vikaubana hivi,
vikapanda kidogo, vikaubana hivi,
akangoja muda ule ule wa mashine,
kisha akainama
kuangalia kama navuja.