Saa Nne za Dodoma

Mara kumi na moja nimepita hapa
na mara kumi na moja sikupita.
Nilikaa kwenye kiti cha chuma, begi mapajani,
nikinywa chai ya bei ya harusi,
nikiutazama Mlima Simba kupitia kioo
kama mtu anayechungulia sherehe ya jirani.

Leo kipaza sauti kimekohoa:
ndege ya kuunganisha bado iko Mwanza,
inabembelezwa tairi. Labda saa nane.
Wanasema mji huu ulipewa jina na tembo aliyezama.
Basi na mimi nimezama, saa nne nzima.
Wenzangu wakagombea soketi za ukutani
kama ndama kwenye titi moja.
Nikatoka nje.

Upepo wa Dodoma hausalimu, unapekua.
Ulinikagua kola, mifuko, masikio,
ukaniachia vumbi jekundu kama stakabadhi.
"Mbukwenyi!" akaita kijana wa bajaji,
akinisalimu kwa wingi ingawa nilikuwa mmoja.
Chilongani, jina limeandikwa kwa rangi ya kucha
juu ya kioo cha mbele.
"Mlimani elfu nne."
"Na kurudi?"
"Kurudi tutaongea. Wewe panda kwanza."

Nilipanda kwa viatu vya ofisini,
nikiushika mwamba kwa viganja vilivyozoea bisibisi.
Mimi ni fundi wa mashine za eksirei.
Miaka kumi na tisa nafungua macho
yanayoona mbavu, risasi, sarafu iliyomezwa na mtoto,
na bado sijui Tabora ina harufu gani ikinyesha,
ingawa nimelala huko siku thelathini na mbili
(nina risiti zote).

Jiwe lilikuwa na joto, joto la ng'ombe.
Na juu yake, pimbi.

Bibi alitusimulia: siku ya kugawa mikia
pimbi aliona wingu, akaona uvivu,
akawaagiza wenzake wamletee wake.
Mpaka leo anangoja mzigo.
Tukatazamana, yeye na mimi,
waagizaji wawili juani.
Yeye ndiye aliyeondoka kwanza.

Chini, uwanja wa ndege ulikuwa rula
iliyosahauliwa na mwanafunzi.
Mabati. Mabati. Minara miwili ya simu.
Korongo la mchanga lililokuwa mto Machi
na litakuwa mto tena, likijisikia.
Mbali, mizabibu katika mistari yake,
kijani kikaidi, kama daftari la mtoto
asiyetaka kurudia darasa.

Simu ikalia. Mwanaidi.
"Uko wapi, mbona upepo?"
"Niko mgongoni kwa simba."
Kimya. Kisha: "Umekula?"

Sikuwa nimekula.
Chini ya mlima Mama Mbeleje aliniuzia zabibu
kwenye mfuko uliokuwa wa sukari.
"Za Hombolo. Ya kwanza itakukasirikia,
ya tatu mtapatana."
Alikuwa na haraka, ana kikao cha vikoba,
akanihesabia chenji akitembea.
Ya tatu hatukupatana.
Ya saba, kidogo.

Chilongani alikuwa amelala, miguu nje,
bajaji nzima ikikoroma naye.
Nilimwacha dakika tano. Nilikuwa nazo.

Uwanjani, begi likaingia kwenye mashine.
Naijua mashine ile, nimewahi kuibadilishia mkanda.
Askari akausimamisha, akanyoosha kidole:
weusi mdogo, mzito, ukubwa wa zabibu,
kati ya bisibisi na soksi.
"Baba, hiki ni nini?"
"Mlima."
Akakitoa, akakipindua, akakinusa hata.
"Chukua tu," akasema, "mwingine tunao,"
akavuta begi la mtu wa nyuma yangu.

Ndege ikaja saa tisa na robo.
Nilipewa kiti cha dirishani,
upande usio wa mlima.
Nikavua viatu taratibu.
Mchanga ukamwagika kwenye zulia la watu,
na sikuomba radhi.